Bili ya Maji Taka: Namna Miji Inavyopanga Bei, na Namna ya Kuilinganisha ya Mombasa na ya Kwengine

Mimi ndiye ninayekusanya pesa za maji katika ploti yetu ya Changamwe. Kila mwezi ninapogonga milango, swali huwa ni lile lile: maji tumeyanunua na kuyalipia, sasa hii ya maji taka ni ya nini tena? Na nyumbani kwetu swali hilo limezua ubishi mkubwa zaidi, kwa sababu jamaa tumetawanyika. Dada yuko Nairobi, ami yuko Dar es Salaam, mdogo wangu wa kiume yuko Seattle huko Marekani, na shangazi yuko Bamburi, mtaa ambao bomba la maji taka halijamfikia. Kila mmoja anaapa kwamba mji wake ndio unaokamua watu.

Niliwaomba wote wanitumie bili zao. Nilipozitandaza mezani nikaona kwamba tulikuwa tukilinganisha embe na nazi. Mmoja alinitajia bei ya uniti, mwingine jumla ya mwezi, mwingine ada isiyobadilika, na shangazi malipo ya gari la kunyonya choo. Mwongozo huu umetokana na kazi ile ya kuzipanga bili hizo. Ukiufuata utaweza kusoma bili yako, kuelewa bei ilitoka wapi, kuilinganisha na ya mji mwingine kwa haki, na kusimama kwenye mkutano wa hadhara ukiwa na la kuuliza.

Anza na jambo moja: maji taka hayana mita

Nyumba ya kawaida haina mita kwenye bomba linalotoka chooni. Mita iko upande wa maji yanayoingia tu. Kwa hiyo miji mingi inakisia umetoa maji taka kiasi gani, na tofauti kubwa kati ya bili na bili iko kwenye namna ya kukisia.

Hapa Kenya, njia iliyozoeleka ni asilimia ya maji uliyotumia. Nairobi kiwango kinachojulikana ni asilimia 75. Maana yake ni kwamba katika kila lita 100 zilizopita kwenye mita, 75 zinahesabiwa kuwa zimerudi bombani, na 25 zimeishia kwenye chakula, kwenye maua, kwenye sakafu iliyopigwa deki na kukauka. Cape Town nayo hukisia kwamba nyumba ya kawaida hurudisha asilimia 70, na ina kikomo cha juu ambacho ukikivuka uniti za maji taka haziongezeki. Johannesburg imeshika njia nyingine kabisa: nyumba ya makazi hulipia maji taka kulingana na ukubwa wa kiwanja. Mwenye kiwanja kikubwa hulipa zaidi hata akiwa ni mjane anayeishi peke yake.

Ya Seattle ilinifurahisha kwa mantiki yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, bili ya maji taka hufuata maji uliyotumia hasa. Miezi ya kiangazi, watu wanapomwagilia bustani, mji hulinganisha matumizi yako na wastani wako wa majira ya baridi, kisha hukutoza kwa kile kilicho kidogo. Fikra yake ni kwamba wakati wa baridi hakuna anayemwagilia nyasi, kwa hiyo maji yaliyoingia ndiyo yaliyotoka. Sisi huku Pwani hatuna majira ya baridi ya kupimia, lakini swali lao ni letu pia: je, maji yote yaliyopita kwenye mita yalikwenda bombani kweli?

Hebu tazama yanayotokea hapa mtaani. Mwenye bomba anayeuzia majirani maji kwa mitungi hulipia maji taka ya maji yaliyoondoka kwa mkokoteni na kumwagwa kwenye vyoo vya watu wengine. Na upande wa pili, jirani mwenye kisima cha maji ya chumvi, anayefulia na kumwaga chooni maji ya kisima mchana kutwa, hupeleka bombani maji mengi ambayo mita ya kampuni haiyaoni. Wa kwanza amezidishiwa, wa pili amepunguziwa. Kukisia kuna bei yake, na kwa kawaida haimwangukii aliyekisia.

Hatua ya kwanza: uliza asilimia 75 ya nini

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na mimi nilipotea. Asilimia ileile inaweza kuleta bili tatu tofauti.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba rahisi. Mji unatoza maji kwa ngazi: uniti 6 za kwanza shilingi 60 kila moja, kutoka ya 7 hadi ya 20 shilingi 90, na kuanzia ya 21 shilingi 120. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Familia ya watu watano imetumia uniti 12. Maji yake ni 6 mara 60, yaani 360, kisha 6 mara 90, yaani 540. Jumla shilingi 900.

Ikiwa maji taka ni asilimia 75 ya pesa za maji, familia hiyo italipa 675. Ikiwa ni asilimia 75 ya uniti, basi uniti 12 zinakuwa 9. Ukizipitisha kwenye ngazi zilezile unapata 360 na 270, yaani 630. Na ikiwa mji una bei moja ya maji taka, tuseme shilingi 60 kwa uniti, basi 9 mara 60 ni 540. Kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, mtu atakwambia "kwetu ni asilimia 75" na wala hatakuwa amesema uongo.

Kwa hiyo shika kikokotoo, chukua bili yako, na ujaribu njia zote tatu mpaka upate namba iliyochapwa. Ukishaipata, iandike ukutani. Ukikosa kabisa kuipata, nenda ofisi ya kampuni ya maji ukaombe wakuonyeshe hesabu; ni haki yako kama mteja kujua ulivyotozwa.

Njia hii pia itakufunua jambo la makadirio. Msoma mita asipofika, uniti hukadiriwa. Wakikuzidishia uniti 10 kwenye ngazi ya shilingi 90, hukupoteza 900 peke yake: ukiwa unatozwa asilimia 75 ya pesa za maji, umepoteza 675 nyingine upande wa maji taka. Kwa hiyo piga picha mita yako kila mwezi, tarehe ileile, na uzihifadhi picha hizo. Nimeshafanya hivyo kwa muda sasa na ubishi kwenye ploti yetu umepungua sana.

Hatua ya pili: elewa bei ilivyozaliwa

Kampuni ya maji haiamki asubuhi ikajipangia bei. Katiba ya 2010 iliweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti, na hapa kwetu kampuni ya kaunti ni Mombasa Water Supply and Sanitation Company, tunayoiita MOWASSCO. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 imempa mdhibiti wa kitaifa, WASREB, kazi ya kutathmini bei na kuidhinisha itozwe. Tanzania kazi kama hiyo iko kwa EWURA, ndiyo maana DAWASA ya Dar es Salaam nayo hupeleka maombi yake huko. Uingereza iko kwa Ofwat, ambayo hupitia bei kila baada ya miaka mitano. Seattle ni tofauti kidogo: mji unamiliki mabomba ya mitaani, lakini mitambo ya kusafisha ni ya King County, na kaunti hiyo hupanga ada yake ya kusafisha ambayo mji huiongezea ya kwake.

Hesabu yenyewe, popote ulipo, huanza na swali hili: huduma inahitaji pesa ngapi kwa mwaka? Humo mna umeme wa pampu, mishahara, dawa, mafuta ya magari, kuzibua, kutengeneza, kulipa madeni ya ujenzi, na akiba ya kubadilisha mabomba yaliyochakaa. Jumla hiyo hugawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kulipiwa.

Neno la mwisho ndilo zito. Si uniti zilizotoka kwenye chanzo; ni zile zitakazolipiwa. Tuseme maji taka ya mji fulani yanagharimu shilingi milioni 12 kwa mwezi na uniti zinazoandikiwa bili ni 200,000. Ukigawanya unapata 60. Lakini ikiwa wanaolipa ni asilimia 90 tu, bei inayohitajika ni karibu 67. Na ikiwa mita zimekufa au watu wamejiunganishia usiku, uniti zinazoandikiwa bili zikashuka hadi 150,000, bei inaruka hadi karibu 89. Mtambo ni uleule, pampu ni zilezile, lakini mlipaji mwaminifu amepandishiwa. Ripoti za WASREB zimekuwa zikionyesha kwamba nchini kote maji yanayopotea bila kulipiwa yanapita asilimia 40, ilhali kiwango kinachokubalika hakitakiwi kupita 25. Kwa hiyo ukisikia ombi la kupandisha bei, usianze na bei. Anza na upotevu.

Mombasa ina mzigo mwingine wa peke yake. Maji yetu mengi hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na kampuni ya mji huyanunua kwa jumla kutoka shirika la maendeleo ya maji la Pwani. Bei ya jumla ikipanda, ya maji hupanda. Na maji yakipanda, maji taka yanayofungwa kwa asilimia hupanda nayo hata kama mtambo wetu wa kusafisha maji taka wa Kipevu haukuongezewa hata taa moja. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo wa asilimia, na sijaona sababu ya kuuficha.

Halafu kuna uchache wa waliounganishwa. Mabomba ya maji taka yako sehemu ya kisiwa na sehemu ya bara ya magharibi, huku sehemu kubwa ya mji ikitegemea matangi na vyoo vya shimo. Pampu, mabomba na mtambo vina gharama ileile vikihudumia nyumba chache au nyingi. Kila nyumba mpya inayounganishwa humpunguzia jirani mzigo. Ndiyo maana mtu akiniuliza dawa ya bei kubwa ya maji taka, jibu langu huwa ni kuunganisha watu zaidi.

Hatua ya tatu: linganisha bili, usilinganishe bei

Sasa turudi kwenye meza yangu yenye bili za jamaa. Nilifanya hivi.

Niliamua kiasi kimoja cha maji kwa kila mji. Nilichagua uniti 12 kwa mwezi, kwa sababu kwa familia ya watano ni kama lita 80 kwa mtu kwa siku, matumizi ya watu wanaooga na kufua bila anasa. Wamarekani huhesabu kwa futi za ujazo 100, ambazo ni uniti 2.83 za kwetu, kwa hiyo 12 za kwetu ni kama 4.2 za kule. Dar es Salaam na Nairobi hakuna cha kubadilisha, wote hupima kwa mita za ujazo kama sisi.

Kisha nikarudia hesabu kwa uniti 4 na kwa uniti 25. Usiiruke sehemu hii. Rudi kwenye mji wetu wa kubuni, unaotoza asilimia 75 ya pesa za maji, uulinganishe na mji wa pili unaotoza ada moja ya shilingi 600 kwa kila nyumba. Kwa uniti 12, wa kwanza ni 675 na wa pili 600, karibu sawa. Kwa uniti 4, wa kwanza ni 180 tu, wa pili bado ni 600. Kwa uniti 25, wa kwanza unafika 1,665, wa pili uko palepale. Basi mji upi ni ghali? Kwa bibi anayeishi peke yake, ule wa ada moja. Kwa nyumba yenye watu kumi, ule wa asilimia. Anayekupa namba moja ya kulinganisha miji amekuchagulia mtu wa kumpendelea.

Halafu angalia kilichomo na kisichomo. Ya Seattle ilinichukua muda kuielewa, kwa sababu ada ya maji ya mvua haimo kwenye bili ya maji. Huja pamoja na bili ya kodi ya nyumba na ardhi. Uingereza, maji ya mvua yanayotoka paani na kuingia kwenye bomba huwa ndani ya bili ya maji taka, na mwenye nyumba ambaye mvua yake inazama kwenye shimo la kwake anaweza kuomba apunguziwe. Kwetu mvua kubwa ikinyesha kisiwani na chemba zikafurika, hakuna mstari wowote kwenye bili unaolipia jambo hilo. Gharama iko, ila haikuandikwa hapo. Ukiulinganisha mji unaotoza mvua na usiotoza, wa pili utaonekana rahisi bure.

Mwisho, usibadilishe kuwa dola. Dola hukuambia habari za benki tu. Gawanya bili kwa kipato. Wadhibiti wengi hutazama sehemu ya matumizi ya nyumba inayoliwa na maji na usafi, na asilimia 5 ni kipimo kinachotajwa sana. Shirika la mazingira la Marekani, katika mwongozo wake wa 1997, liliona gharama za maji taka zikipita asilimia 2 ya kipato cha kati cha mji basi mzigo ni mkubwa. Mimi nilitumia kipimo chepesi zaidi: kibarua wa ujenzi wa mji ule afanye kazi saa ngapi ili alipe bili ya uniti 12? Nilipopanga jamaa zangu kwa saa za kazi, mpangilio ulibadilika kabisa, na mdogo wangu aliyekuwa akilia kwa dola nyingi alinyamaza.

Mita moja, familia nane

Hapa ningependa kukaa, kwa sababu sisi wa nyumba za Kiswahili na za ploti ndio tunaoumia na hakuna anayetusemea. Ngazi za bei ziliwekwa kumlinda maskini: uniti za kwanza rahisi, za juu ghali. Lakini zinahesabu mita, hazihesabu familia.

Chukua bei zilezile za kubuni. Familia yenye mita yake inatumia uniti 10: maji 720, maji taka 540, jumla 1,260. Sasa weka familia nane kama hiyo kwenye mita moja. Uniti 80. Sita za kwanza 360, kumi na nne zinazofuata 1,260, sitini zilizobaki kwa shilingi 120 ni 7,200. Maji 8,820. Maji taka asilimia 75, 6,615. Jumla 15,435. Gawanya kwa nane: kila familia karibu 1,929. Matumizi ni yaleyale, choo huenda hata ni kimoja, lakini kila familia imelipa shilingi 669 zaidi kwa sababu tu haina mita ya peke yake.

Kwa hiyo uliza kampuni kama ina kundi la bei kwa nyumba za familia nyingi, na masharti yake. Ikiwa halipo au hamuingii, piga hesabu ya gharama ya kuweka mita ya kila mlango ukilinganisha na hizo 669 kwa mwezi. Na landilodi wenzangu, tafadhali, msimgawie mpangaji mwenye watu wawili sawa na mwenye watu saba. Hesabuni vichwa.

Kama huna bomba

Shangazi wa Bamburi alidhani yeye yuko huru. Tuseme tangi lake hunyonywa mara tatu kwa mwaka kwa shilingi 8,000 kila mara: hizo ni 24,000, yaani 2,000 kila mwezi, na bado hatujahesabu gharama ya kulichimba. Mwenye bomba katika mfano wetu alilipa 675. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka gharama hii kwenye jedwali pamoja na nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya maji taka kwa watu wengi wa mji huu.

Na yule ambaye tangi lake "halijai" asifurahi. Tumekalia mwamba wa matumbawe, wenye mapengo, na maji ya choo hupita upesi hadi kwenye visima. Tangi lisilojaa karibu na kisima ni habari mbaya, hasa kipindupindu kinapozuka. Unapoita gari, muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Akisitasita, tafuta gari lingine.

Kwenye mkutano wa bei

Kampuni inapoomba bei mpya, lazima wananchi washirikishwe, na bei iliyokubaliwa hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali pamoja na masharti yake. Nenda mapema, omba nakala ya ombi lenyewe, na usipoteze dakika zako mbili kusema maisha ni magumu. Kila mtu atasema hivyo, na mwandishi ataandika mstari mmoja tu kwa wote.

Uliza maswali yenye namba. Kati ya pesa za maji taka zilizokusanywa mwaka jana, ngapi zilikwenda kwenye pampu, mabomba na mtambo? Nyumba ngapi mpya zitaunganishwa ndani ya kipindi cha bei hii, na mitaa ipi? Upotevu wa maji utashuka kutoka asilimia ngapi hadi ngapi, na tarehe gani? Nyumba za familia nyingi zitatozwa vipi? Chemba ikifurika mlangoni kwa wiki nzima, mteja anarudishiwa nini? Kisha peleka maswali hayohayo kwa maandishi, weka tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Bei ikishapita, rudi na ile nakala ya masharti kila baada ya mwaka. Likiwepo lisilotimizwa, anza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Isipojibu, peleka malalamiko WASREB ukiambatanisha barua yako ya kwanza, picha za mita na bili za miezi husika.